Siku Nilipoinywesha Pikapu Mtobe wa Ndizi

Ninyi mnaoendesha magari yanayosema yenyewe yanapoumwa, nawapongeza, na sisemi hivyo kwa kejeli.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Jenerose alikuwa anatoka Biharamulo mjini kuja kwangu hapa Nyabusozi na kagari kake, kale kalikotoka Japani kakiwa kameshatumika na wenyewe. Njiani ikawaka taa nyekundu kwenye dashibodi. Akasimama, akazima, akanipigia simu analia.

"Bibi, gari linakufa!"

"Halifi, linaomba msaada. Usiliwashe tena. Kaa kivulini umpigie fundi."

Akaja fundi kijana anaitwa Deogratiasi, ana kimashine kidogo kama simu. Akakichomeka chini ya usukani, akasoma, akasema feni ya rejeta haizunguki. Akafungua boneti, akakuta waya wa feni umeliwa na panya. Dakika tano tu! Mimi zamani ningefungua nusu ya gari kabla sijamfikia huyo panya.

Wapo wazee wenzangu wanaosema magari ya siku hizi ni vyombo vya plastiki, na madereva wake hawajui kitu. Mimi simo. Nilipoona Jenerose ameingia uani anacheka, na gari lake zima, nilishukuru Mungu kwa ajili ya kile kimashine. Sisi tulikuwa na pua na masikio tu, na pua inadanganya. Nitawaambia ilivyonidanganya mimi.

Jina langu Koleta, mama Eliasi. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya mwiteni Jenerose ainyooshe. Lakini majina ya watu sisahau, hata ya aliyepanda gari langu mara moja akashukia njiani. Niliendesha pikapu ya ndizi kati ya Murusagamba na Ngara mjini miaka mingi, mpaka magoti yalipokataa klachi.

Pikapu yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya Mzee Salumu. Huyu alikuwa na duka Ngara mjini, na babu yake ndiye aliyekuja huku kutoka pwani na marobota ya nguo. Siku za soko alikuja Murusagamba kuchukua ndizi na maharage, na sisi wenye mizigo tukapanda juu ya mizigo yetu. Utingo wake aliitwa Gervasi. Kazi kubwa ya Gervasi ilikuwa gogo. Gari likichoka mlimani, utingo anaruka chini na gogo la mti mgumu, analiweka nyuma ya tairi kabla gari halijaanza kurudi. Akichelewa, mnarudi wote bondeni kinyumenyume, na ndizi zenu.

Siku moja Gervasi alikuwa na homa, akachelewa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mikungu yangu. Niliona gari linaanza kurudi, nikaruka na gauni langu, nikalisukumiza gogo kwa mguu. Gari likatulia. Mzee Salumu akatoa kichwa dirishani.

"Nani kaweka gogo?"

"Mimi, Mzee."

"Wewe nani?"

"Koleta, mjane wa Leonsi."

"Gervasi akipona nitamtafutia kazi dukani," akasema. "Wewe kaa na gogo."

Ndivyo nilivyoingia kazini. Nilikaa na gogo miaka sita, na humo nikajifunza mengine kwa kuangalia na kwa kukosea. Kuna siku nilijaza oili mpaka mdomoni, nikidhani kama ugali, ukijaza ndiyo umependa. Gari lilitoa moshi mweupe tangu sokoni mpaka nyumbani, watu wakafunga madirisha. Mzee Salumu hakunigombeza. Alinipa kile kijiti cha kupimia oili, akaniambia nikae nacho mfukoni kutwa nzima, kila atakayeniuliza ni cha nini nimweleze. Waliniuliza watu kumi na wanne. Tangu hapo sijakosea oili.

Kisha macho ya Mzee yakaanza kuingia ukungu. Alianza kuuliza, "Ule mbele ni mbuzi au mtoto?" Siku aliyouliza hivyo mbele ya lori, nikamwambia, "Mzee, shuka, nikae mimi." Akashuka. Akakaa upande wa pili miezi minne akinifundisha, nikapata leseni.

Nyumbani kwake hawakufurahi. Mdogo wake, Athumani, alitaka pikapu iuzwe, na mnunuzi alikuwa ameshampata. Athumani alikuwa na mdomo, huyo! Alinikuta napiga jeki mbele ya duka, akasema kwa sauti ili barabara nzima isikie, "Utingo kawa dereva. Mwakani kuku wa Bi Zena atakuwa rubani."

Bi Zena, mke wa Mzee, akamjibu kutoka ndani, "Kuku wangu ana akili kuliko mtu anayeshinda barazani, shemeji."

Mwisho Mzee akakata shauri. Akaniambia mbele ya Athumani, "Mama Eliasi, Jumatano utakwenda Murusagamba peke yako, mimi sipandi. Huyo mnunuzi anakuja siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri, nawe uwe umeshafika. Gari likirudi zima, usukani ni wako na haliuzwi. Likirudi linavutwa kwa kamba, au injini imeungua, nitaliuza, na wewe utarudi kwenye jembe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mzee."

Nilikuwa na watoto wanne na kashamba ka migomba kalikochoka. Sihitaji kuwaeleza zaidi.

Nikaenda Jumanne, nikalala kwangu, maana siku zile nilikaa Murusagamba, Jumatano alfajiri nikapakia. Abiria walikuwa tisa na wote nawakumbuka, lakini hapa nawahitaji wawili tu. Wa kwanza ni Domitila, jirani yangu, aliyekuwa anakwenda Nyamiaga kumposea mwanawe Fulgensi. Wa pili ni Pontiani, mjomba wa Fulgensi, mzee mwenye maneno, aliyekuwa msemaji wao kwa wakwe.

Sasa mnajua kwetu huendi kuposa mikono mitupu. Domitila alibeba dumu la mtobe, ile juisi ya ndizi mbivu kabla haijachachuka kuwa pombe, kwa ajili ya wale wakweze wasiokunywa pombe. Alikuwa ameikamua mwenyewe. Akaogopa isimwagike kule nyuma.

"Koreta, niwekee mbele kwako, miguuni," akasema. Sisi wengine l na r zinatupishana, hata sasa.

Nikaliweka miguuni upande wa abiria. Na pale miguuni palikuwa na dumu langu la maji, kwa sababu rejeta ya pikapu ile ilikuwa inavuja kidogo na kila dereva alitembea na maji. Madumu yote mawili ya njano. Yote vifuniko vyake vilishapotea siku nyingi, yamezibwa kwa gunzi la muhindi. Na maji yangu niliyachota mtoni baada ya mvua, rangi yake kahawia. Na mtobe nao ni wa kahawia hivyo hivyo.

Mshale wa joto wa pikapu ile ulikufa kabla sijaijua. Joto tulilijua kwa pua, na kwa mvuke ukianza kutoka mbele. Kwenye mlima wa kwanza mrefu mvuke ukatoka. Nikasimama, Pontiani akaweka gogo. Nikangoja, nikalowesha khanga, nikafunika mfuniko wa rejeta, nikaulegeza kidogo kidogo mpaka ulipoacha kupiga mluzi. Hapo nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa. Moyo tu ndio uliokuwa mbele ya mikono, nikiwaza adhuhuri. Nikaingiza mkono kwenye gari bila kuangalia, nikavuta dumu, nikachomoa gunzi, nikamimina. Pua yangu imejaa mvuke na moshi, haikuniambia kitu. Nikamimina karibu nusu ya dumu. Nikafunga, tukaondoka.

Hatujafika mbali nikasikia vicheko kule nyuma. Pontiani anauliza, "Jamani, nani anakaanga maandazi humu?"

Mwingine akasema, "Ni ndizi za kuchoma. Mimi njaa imeanza."

Mimi nikacheka nao. Kisha harufu ikaniingia dirishani, tamu, nzito, kama sufuria ya sukari iliyosahaulika jikoni. Nikageuza macho chini, miguuni. Nikaliona dumu moja limejaa na moja nusu. Nikachomoa gunzi la lile lililojaa, nikanusa. Maji ya mto.

Nikazima injini pale pale, gari likiwa bado linatembea. Nikavuta hendibreki. Nikapiga kelele, "Gogo!"

Nilipofungua boneti povu la rangi ya asali lilikuwa linachuruzika kutoka kwenye mfuniko, linadondoka kwenye injini, linachemka na kuungua hapo hapo. Domitila alishuka akaja kusimama kando yangu. Aliangalia lile povu, akaangalia lile dumu.

"Mawe!" akasema, yaani mama yangu kwa lugha ya kwetu. "Koreta. Umeniposea gari?"

"Domitila, nisamehe."

"Ndizi nimezikamua kwa mikono hii! Siku nzima! Nitawaambia nini wakwe?"

Pontiani akachovya kidole kwenye povu lililopoa kwenye bampa, akalamba. "Dada, usilie. Limeiva vizuri."

Domitila akaenda kukaa juu ya jiwe, akatugeuzia mgongo.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo pa kujifunzia. Chini ya barabara palikuwa na kijito. Abiria wakachukua sufuria na ndoo, wakachota maji upesi upesi, wakarudi wamejipanga. "Tia maji, Mama Eliasi, ioshe, twende! Soko linafungwa!"

Na jua lilikuwa limeshapanda. Nikitia maji pale pale, naosha, naondoka, pengine nawahi adhuhuri. Lakini injini ilikuwa ya moto kama jiko, na injini ya moto ukiimwagia ndani maji ya baridi, chuma kinashtuka. Kinapasuka ufa usiouona kwa macho, unakuja kuujua baadaye maji yakiingia kwenye oili. Hapo huoshi tena, unauza.

Mzee Salumu alinifundisha kipimo cha kungoja. Unaweka kiganja kitupu juu ya mfuniko, unataja majina ya watoto wako wote, polepole, kama unawaita kula. Ukiondoa mkono kabla hujafika wa mwisho, bado.

Nikaweka kiganja. "Eliasi..." Nikatoa mkono.

"Bado," nikasema. "Tunangoja."

"Tunangoja nini?" akauliza mmoja.

"Watoto wangu."

Pontiani akashika kichwa. "Afadhali gari hili si langu. Mimi nina watoto kumi na mmoja, tungelala hapa."

Tukangoja. Kila nikijaribu, nafika kwa Sekunda, natoa. Wawili walikata tamaa wakashika njia kwa miguu. Nikaangalia kivuli changu kikifupika mpaka kikaingia chini ya miguu yangu, nikajua adhuhuri imeingia na mnunuzi yuko njiani kwa Athumani. Ningeweza kulia. Badala yake nikaenda kwa Domitila pale kwenye jiwe, nikakaa naye. Akaanza yeye mwenyewe.

"Imebaki nusu?"

"Imebaki nusu."

"Nitakwenda na hiyo nusu. Nitawaambia nusu nyingine imenywewa njiani."

"Na nani?"

"Nitawaambia ukweli, Koreta. Uongo wa namna hii nani atautunga?"

Na alikwenda nayo, na alisema. Wale wakwe wa Nyamiaga walicheka mpaka wakashikana mabega, wakasema nyumba inayonywesha hata magari haiwezi kumnyima mtoto wao chakula. Fulgensi akapewa mke, anaitwa Adventina, wapo hadi leo. Lakini hayo niliyajua wiki iliyofuata. Siku ile sisi bado tuko barabarani.

Mwishowe nikaweka kiganja. Eliasi. Sekunda. Joneza. Filberti. Mkono ukabaki pale pale.

Nikafungua kizibo cha chini cha rejeta, uji mweusi ukatoka. Nikajaza maji, nikawasha injini kidogo, nikazima, nikangoja, nikatoa. Tena. Tena. Mara ya nne maji yakatoka na rangi yake ya mtoni. Tukaondoka polepole, kila kijito nasimama nabadilisha. Hata mlima sikuupanda kwa pupa. Gia ya kwanza, kama mtu aliyebeba mayai.

Pontiani aliposhuka Nyamiaga akaniinamia dirishani. "Mwambie huyo mzee ilikuwa pancha. Pancha haina lawama."

Nikaona ni shauri zuri. Nikaendesha toka pale hadi mjini nikijifundisha kusema: pancha, Mzee, tena mbili.

Nilifika dukani wakati wa adhana ya alasiri. Mzee Salumu amekaa kwenye kiti nje, Athumani kasimama, na mgeni mmoja amevaa koti, ndiye mnunuzi. Na mimi sikujua kwamba sikuja peke yangu. Sukari ilikuwa imegandia mbele yote ya gari, na tangu njiani nyuki walikuwa wanakusanyika. Nilipozima injini ukasikika ule mvumo wao.

Athumani akapiga makofi. "Adhuhuri ya Murusagamba hii! Kaka, nilikwambia. Na ameleta mzinga!" Nyuki mmoja akaenda kumkalia sikioni. Akapiga kelele nisizoweza kuziandika, akaingia dukani mbio, na mgeni nyuma yake.

Mimi nikashuka. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Alikuwa ameinua pua, ananusa. "Umechelewa."

"Ndiyo, Mzee." Nikafungua mdomo kusema pancha. Nikayaona yale macho yake yenye ukungu, hayaoni hata matairi yangu. Kumdanganya mtu asiyeona, mdomo ulikataa. Nikasema, "Nimetia mtobe kwenye rejeta, Mzee. Niliudhania maji."

Ndani ya duka nikasikia Bi Zena ameangusha kitu.

"Ulizima lini?" akauliza Mzee.

"Niliposikia harufu na kuona dumu. Gari lilikuwa bado linatembea."

"Halafu ukatia maji."

"Hapana. Nilingoja."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka Filberti, Mzee."

Akasimama. "Nipe bisibisi ndefu."

Nikampa, nikamshika mkono mpaka mbele ya gari. Bi Zena akatoka na kijinga cha moto, akawatawanya nyuki kwa moshi. Mzee akaniambia niwashe. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Akasikiliza hapa, akahamisha, akasikiliza pale. Akaniambia nikanyage mafuta, niachie, nikanyage. Akaomba kijiti cha oili, akasugua oili katikati ya vidole akitafuta maji, akainusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Sijawahi kuona mtu anachukua muda mrefu namna ile. Athumani alikuwa amesimama mlangoni, sikio limevimba, na mnunuzi anachungulia begani kwake.

"Zima," akasema Mzee.

Nikazima. Nikabaki nimeshika usukani kwa mikono miwili.

Akajifuta vidole, akageukia mlangoni kulikokuwa na sauti ya kupumua ya Athumani. "Mpe mgeni chai. Akimaliza, msindikize, mwambie samahani kwa usumbufu."

"Kaka, amechelewa! Gari limejaa nyuki!"

"Nyuki wataondoka. Injini nzima." Kisha akaja dirishani kwangu, akipapasa mlango. "Jumamosi unaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri, Mzee."

"Shuka basi, ule."

Nilishuka, nikakaa pale pale kwenye ngazi za duka. Bi Zena aliniletea wali na maharage kwenye sahani ya bati. Tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu mdomoni wala sikuwa nimejua kama nina tumbo. Nilimaliza, akaniongeza bila kuniuliza, nikamaliza na hiyo.